Mita Sitini na Tano

Ntobeye, Ngara
Jumapili, mwezi wa tisa

Kwako Baba,

Shikamoo. Ya Mama nayo imo humu, mfikishie kabla Anton hajaendelea na mengine. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, mdogo wangu asipate kisingizio cha kuruka mistari kama alivyofanya na barua ya Pasaka.

Mguu unaendeleaje? Anton aliniambia kwenye simu kwamba umeacha fimbo na unakwenda shambani mwenyewe, lakini Anton kila akiulizwa jambo hujibu kwamba ni zuri, kwa hiyo nangoja kusikia kutoka kwako. Na mikorosho ya upande wa bondeni imeshika maua, au ule ugonjwa wa mwaka jana umerudi? Huku ukitaja korosho, watu wanazijua za kwenye pakiti tu.

Mimi sijambo. Baridi ya Ngara nimeizoea kiasi, ingawa kipindi cha kwanza bado nafundisha nikiwa na sweta mbili na wanafunzi wananicheka. Ndizi za kupika nazo nimezizoea. Mama Devota, mwenye nyumba ninayopanga, hunipikia kila Jumapili pamoja na maharage, na mpaka leo hakubali kwamba mtu anaweza kukaa huku miaka miwili na bado akaacha chakula kwenye sahani. Ombi langu la uhamisho halijajibiwa. Mwezi wa kumi na mbili nitakuja likizo, siku tatu njiani kama kawaida, kwa hiyo Mama asianze kunitafutia mtu wa kunipokea Masasi mjini kabla sijasema nimefika Dar es Salaam.

Sasa nikueleze kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu husikii vizuri, na haya sitaki kuyasema kwa kupiga kelele.

Mwezi wa tatu nilikuandikia kwamba roketi ya wanafunzi wangu ilipanda mita mia mbili na kumi na tatu. Anton anasema ulimfanya aisome barua ile nje ya kanisa, na kwamba jirani yetu seremala alibisha, nawe ukamjibu kwamba mwanao ni mwalimu wa fizikia na hawezi kukosea jambo kama hilo. Naomba umwambie alikuwa na haki ya kubisha. Ilipanda mita sitini na tano. Ile namba nyingine ni kosa langu, na kuna mtu liliyemponza.

Roketi zenyewe ni chupa za soda, zile kubwa. Wanafunzi wanabandika mapezi ya kadibodi, wanatia maji kidogo, wanajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, kisha wanafyatua. Maji yanatoka nyuma kwa nguvu na chupa inaruka. Ni mchezo, lakini ndani yake kuna fizikia ya kidato cha pili na cha tatu karibu yote, na wanafunzi ambao darasani husinzia huwa wa kwanza kufika uwanjani. Mwaka huu shule za sekondari za huku zilipanga mashindano. Kila shule ilitakiwa kutuma urefu ambao roketi yake imepanda, na nne za juu zingekutanishwa Biharamulo mjini.

Kupima urefu ndiko kugumu. Chupa haipandi na futikamba. Mwezi wa pili mhandisi mmoja alipita shuleni kwetu, mgeni wa Mkuu wa Shule, akatuachia zawadi ya altimita. Ni kifaa kidogo, hakizidi kidole gumba. Kinahisi mgandamizo wa hewa, na kwa kuwa hewa hupungua kadiri unavyopanda, kinakokotoa chenyewe umefika juu kiasi gani. Unakizungushia sponji, unakiweka kwenye kichwa cha roketi, unarusha. Kikishatua kinalia namba yake. Kama ni thelathini na nne kinalia mara tatu, kinanyamaza, kinalia mara nne. Kilikuja na karatasi ya maelezo iliyochapwa kwa herufi ndogo sana kwa Kiingereza, pande zote mbili. Nilisoma upande wa kwanza, nikajua pa kubonyeza, nikaikunja.

Mtu wa pili aliyekuwa akipima ni Mwalimu Nestori. Sidhani kama nimewahi kukutajia. Alikuwa mwalimu wa kujitolea wa hisabati, mwaka wa tatu shuleni kwetu, mtu mrefu, mkimya, anayesimama karibu na mlango kwenye vikao kama mtu anayetarajia kutumwa. Wazazi wake wana asili ya Burundi. Walihamia Ngara kabla yeye hajazaliwa na wakabaki kuwa wakulima. Yeye alipima kwa njia ya vitabuni. Alisimama hatua hamsini kutoka mahali pa kurushia, hatua alizozipima kwanza kwa tepu, akiwa na pulotrakta ya mbao ya ubaoni, uzi na jiwe dogo. Roketi ikifika kileleni anailenga kwa ukingo wa pulotrakta, uzi unaonyesha pembe, anaandika, anapiga hesabu.

Siku ile ya mwezi wa tatu roketi ilipanda vizuri kuliko siku zote. Ilipotua niliitoa altimita mbele ya klabu nzima ya roketi, wanafunzi kama hamsini, na Mkuu akiwa amesimama nasi. Ikalia mara mbili. Ikanyamaza. Mara moja. Ikanyamaza. Mara tatu.

"Mia mbili na kumi na tatu!" wanafunzi wakapiga kelele.

Mwalimu Nestori alikuja akitembea taratibu, daftari mkononi.

"Mwalimu Salome," akasema, "mimi nimepata sitini na tano."

"Sitini na tano nini?"

"Mita."

Baba, ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema tuangalie wote wawili. Nilikuwa na furaha mkononi na sikutaka mtu aiguse.

"Kwa uzi na jiwe?" nikamwambia. "Mwalimu, hiki kifaa kimetengenezwa na watu wanaorusha vitu angani kila siku. Wewe umekosea mita mia moja na hamsini, na unafundisha watoto hisabati."

Wanafunzi walicheka. Mkuu naye alicheka, kidogo. Nestori alitazama daftari lake, akasema, "Labda nimesoma pembe vibaya," akarudi kuchukua pulotrakta yake aliyoiacha kwenye majani. Kuanzia wiki ile wanafunzi walimwita Mwalimu Uzi. Nilisikia, na sikuwakataza.

Nikwambie pia jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine. Jioni ile ile, nikiwa natoka shuleni, niliutazama mnara wa simu ulio kilimani na nikajua kwamba chupa yetu haikufika hata kimo chake, na ule mnara hauwezi kufika mita mia. Macho yangu yalijua. Nikaenda nyumbani nikakuandikia barua.

Mwezi wa sita, kabla ya kufunga shule, Mkuu aliniita ofisini. Kulikuwa na nafasi ya mwalimu mmoja wa kujitolea ambaye shule ingempendekeza kuendelea, na walikuwa wawili, Nestori na kijana mwingine wa kemia. Mimi ndiye mkuu wa idara ya sayansi. Akaniuliza maoni yangu.

"Nestori ana bidii sana," nikasema. "Lakini vipimo vyake haviaminiki."

"Hilo hata mimi nililiona siku ile," akasema Mkuu.

Ndivyo ilivyokwisha. Hakuna aliyegombana. Nestori alirudisha vitabu vya maktaba, akamuaga kila mwalimu kwa mkono, mimi nikiwemo, akaondoka kwenda Biharamulo, kata ya Nyarubungo, ambako dada yake ameolewa. Mama Devota alipopata habari alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Mwarimu," akaniambia, maana huku wengine hutamka hivyo, "yule alikuwa anawafundisha wajukuu zangu Jumamosi bure. Nani atawafundisha sasa?"

Nikamwambia mwalimu mwingine atapatikana. Akaendelea kumenya.

Mwezi wa nane waandaaji wa mashindano walituma maagizo kwamba kila shule ithibitishe kifaa chake kwa kukipandisha mahali panapojulikana urefu. Hapa karibu wanajenga mnara wa kengele wa kanisa. Nilimwomba fundi mkuu, akaniambia kutoka chini hadi kwenye jukwaa lake la juu ni mita kumi na mbili kamili, amepima mwenyewe kwa tepu. Tukafunga altimita kwenye ndoo ya zege, wakaivuta kwa kapi mpaka juu, wakaishusha. Nikasimama pale chini nikihesabu milio. Mara tatu. Mara tisa.

"Thelathini na tisa," nikamwambia fundi. "Kimeharibika."

"Basi rudia."

Tukarudia. Arobaini. Tukarudia tena. Thelathini na tisa. Fundi alikuwa amekaa juu ya rundo la kokoto akinitazama. Ni mtu wa makamo, hana haraka.

"Mwalimu, hicho kidude kinasema thelathini na tisa nini?" akauliza.

Ni swali lile lile nililomuuliza Nestori, Baba. Mimi mwenyewe sikuwa nimeliuliza kwa kifaa. Nikafungua mkoba nikatoa ile karatasi, nikaikunjua, nikaigeuza upande wa pili. Mstari wa tatu kutoka juu ulisema kwamba kifaa kikitoka kiwandani husoma kwa futi, na anayetaka mita abonyeze kitufe kwa muda mrefu mpaka kilie mara mbili.

Nilifanya hesabu pale pale kwa kijiti kwenye mchanga. Mia mbili na kumi na tatu, kwa futi, ni mita sitini na nne na pointi tisa.

Sikulia wala sikuanguka. Nilimshukuru fundi, nikaweka kifaa kwenye mkoba, nikarudi shuleni kufundisha kipindi cha saa tano. Nilifundisha mawimbi. Nakumbuka nilifundisha vizuri. Baada ya hapo nilienda kwa Mkuu nikamweleza kila kitu.

Mkuu wetu si mtu mbaya. Ana shule yenye wanafunzi wengi kuliko madawati, na zile mita mia mbili zilikuwa habari njema ya kwanza kuipeleka wilayani mwaka huu.

"Tumeshaandika barua," akasema. "Mpaka kwa Afisa Elimu."

"Tuandike nyingine."

"Na tukibadilisha namba tu? Tukasema roketi ya kwanza imevunjika, hii ya pili imepanda sitini na tano?"

"Na Mwalimu Nestori?"

Hapo akavua miwani. "Nafasi ile imeshajazwa, Salome. Yule wa kemia ameshaanza. Siwezi kumtoa mtu ambaye hajakosea."

"Najua," nikasema. "Lakini naomba ruhusa ya siku mbili."

Ijumaa niliondoka. Kutoka hapa ni kwenda Ngara mjini, halafu gari la Biharamulo, barabara ndefu inayopita msituni, na vumbi la mwezi wa nane. Nililala Biharamulo mjini na asubuhi nikachukua pikipiki kwenda Nyarubungo. Nilikuwa sina namba yake ya simu. Nilikuwa nayo, niseme ukweli, lakini sikutaka anijibu kwamba nisije.

Shemeji yake ni Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, mwenye ng'ombe, kwa hiyo nyumba haikuwa ngumu kupata. Dada yake alinipokea. "Mwiriwe," akaanza, halafu akakumbuka kwamba sijui Kirundi, akacheka. "Karibu. Yuko nyuma, kwenye matofali."

Nestori alikuwa anafyatua matofali. Udongo ulimfika magotini. Aliponiona alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, akanyoosha mkono, kisha akaona ulivyo mchafu, akanipa kiwiko.

"Mwalimu Salome. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba," nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Ngara, yote yakanipotea. "Ilikuwa futi."

"Nini?"

"Altimita. Ilikuwa inasoma futi. Sikugeuza karatasi."

Alitazama juu, nikaona midomo yake inatembea, na nikajua anagawanya.

"Sitini na nne pointi tisa," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi niliandika sitini na tano na nusu, nikaikata ile nusu."

"Ndiyo."

Akakaa juu ya matofali yaliyokauka. Nikangoja anitukane. Nilikuwa tayari kwa matusi, ningeyapokea, nadhani yangenisaidia. Alichosema ni hiki, na nakiandika kama alivyokisema:

"Miezi yote hii nimekuwa nikitafuta kosa langu. Nilidhani labda pulotrakta imepinda. Nikatengeneza nyingine. Nikapima ule mkaratusi, nikapima mapaa ya jirani, nikapima kile kilima kule, pembe moja kwa karibu na moja kwa mbali. Kila nikipiga hesabu inakuja sawa, na nikawa najiambia, kama hata hapa sioni kosa, basi kosa liko kichwani mwangu. Walinipa kipindi cha majaribio kwenye shule ya hapa, mwezi wa saba. Sikwenda. Niliona nitawapotosha watoto wa watu."

Baba, nilikuwa nimekwenda kule nikidhani nimemnyima mtu nafasi. Sikujua kwamba hayo ndiyo niliyomfanyia.

Nikamwambia, "Nisamehe, Mwalimu." Nilipiga goti kama ninavyokupigia wewe, kwenye udongo, na yeye akaona aibu, akaniinua haraka, huku dada yake akitazama kutoka mlangoni.

Baada ya muda akauliza, "Umekuja nacho?"

Nilikuwa nacho kwenye mkoba. Nilishakibonyeza kikawa kinasoma mita. Alikishika kwenye kiganja akakigeuzageuza, mara ya kwanza kukishika, maana shuleni sikuwahi kumpa. Akasema twende kilimani. Hakunawa hata miguu. Ni kilima kidogo nyuma ya zizi la ng'ombe, chenye mawe juu. Tulikiwasha pale chini kwenye alama yake, kigingi alichokichomeka mwenyewe, tukapanda, tukasimama kwenye jiwe la juu kabisa, tukashuka. Chini tukakaa tunasikiliza. Kikaanza kulia, naye akahesabu kwa sauti ndogo, kwa lugha yao: rimwe, kabiri, gatatu. Kimya. Halafu tena, mpaka icenda.

"Thelathini na tisa," akasema. "Mimi nilipata thelathini na nane."

Akafungua daftari kunionyesha, ukurasa wenye michoro ya kile kilima, hesabu imerudiwa mara nne au tano, kila mara thelathini na nane, na pembeni ameandika alama ya kuuliza. Akatoa kalamu akaikata ile alama.

"Moja," akasema. "Tunatofautiana moja." Kisha akacheka, Baba, alicheka mpaka shemeji yake akatoka zizini kuuliza kuna nini. Alijaribu kumweleza. Shemeji akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema kilima hicho ng'ombe wake wanakipanda kila siku na hawajawahi kuuliza.

Walinipa ugali na maziwa ya mgando. Tulipokuwa tunakula nilimweleza Nestori habari za nafasi, kwamba imeshajazwa, na kwamba maneno yaliyomwondoa yalikuwa yangu, si ya Mkuu. Hilo alikuwa halijui. Akaacha kula, akanawa mikono.

"Hilo nitakaa nalo kwanza," akasema. "Siwezi kukujibu leo."

"Sawa."

"Lakini kuna kitu nataka. Hapa umeniomba msamaha mbele ya dada yangu, na dada yangu hakunicheka. Waliocheka wako Ntobeye."

Nikamwambia nimeelewa. Kabla sijaondoka nilimwandikia barua kwa mkuu wa ile shule ya Nyarubungo, nikaeleza kosa lilivyokuwa na lilikuwa la nani, nikatia sahihi na cheo changu. Aliikunja akaiweka ndani ya daftari bila kuisoma.

Jumatatu, wakati wa mstari wa asubuhi, Mkuu alinipa nafasi. Shule nzima ilikuwa uwanjani. Nilieleza kuhusu futi na mita, nikaeleza kuhusu ile karatasi, nikawaambia kwamba siku ile wanacheka, mtu pekee aliyekuwa amepima sawasawa uwanjani alikuwa Mwalimu Nestori, na aliyekosea nilikuwa mimi, na kwamba nilimsemea vibaya na kwa sababu hiyo hayupo. Nilitarajia minong'ono. Nikasikia bendera tu.

Mkuu akauliza kama kuna mwenye swali. Hakuna anayeuliza swali mstarini, wewe unajua shule zilivyo. Lakini msichana mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono, yule anayekaa dirishani, ambaye muhula uliopita nilimwekea alama ya kukosa kwenye swali la mwendokasi, akaja mezani kwangu, nikamrudisha bila kuangalia mara ya pili.

"Mwalimu," akasema, "zile hesabu za kwetu ulizosema tumekosa, zote tulikosa kweli?"

Mkuu alitaka kumkaripia. Nikamwomba aniachie.

"Sijui," nikamwambia. "Leteni madaftari."

Wameleta. Mashindano yamepita, Baba. Tuliandika mita sitini na tano, tukaweka jina la Nestori kwenye kipimo, tukawa wa sita, kwa hiyo Biharamulo hatukwenda. Shule jirani ya Mugoma imekwenda, na wameazima altimita yetu. Nimewapa pamoja na karatasi, nikaipigia mstari upande wa pili.

Nestori hajanijibu lile alilosema atakaa nalo. Wiki iliyopita dada yake alinitumia ujumbe kwamba ameanza kufundisha ile shule ya Nyarubungo, kidato cha kwanza, vipindi sita kwa wiki. Mama Devota nimemwambia mwenyewe kilichotokea, jikoni kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza wajukuu zake niwafundishe Jumamosi saa ngapi. Tumeanza.

Basi yangu ni hayo. Msalimie sana Mama, umwambie vitenge vimefika na kile cha bluu nimekishonesha. Msalimie shangazi Veronika wa ghalani, na babu mzaa mama, nasikia bado anakataa kuvaa miwani. Mjomba Damasi, aliyenisomesha kidato cha tano, mpe salamu zake peke yake, na kama atataka kuisoma barua hii mwenyewe mwachie, usimfiche. Anton asome vitabu vyake na aache kuniambia kila kitu ni kizuri.

Sasa naweka kalamu chini, niendelee na madaftari. Yalikuwa mia moja na arobaini, nimefika la tisini na mbili, na mpaka sasa nimekuta makosa kumi na moja ambayo si ya wanafunzi. La yule msichana wa dirishani lilikuwa la tatu kutoka juu. Alikuwa amepata.

Ni mimi binti yako,
Salome